Siku ya Majagi

Machi 3

Mvua imeanza kwa fujo. Nimefika hospitalini soksi zikiwa chapachapa, nikakuta chumba cha kamera nacho kimelowa. Ukuta wa kushoto, ule ambao wagonjwa wangu huutazama wakiwa wamelala ubavu huku mimi nikiwa nyuma yao na mrija wangu wenye kamera ya kutazamia utumbo, umeota doa la unyevu lenye ukubwa wa sinia. Sista ameweka ndoo chini yake. Nimemuuliza ndoo ya nini, maana ukuta haudondoshi maji. "Ni ya mkurugenzi, Daktari," kasema. "Doa hataliona, lakini ndoo atajikwaa nayo." Nafanya kazi na mwanamke huyu tangu sote wawili tuna nywele nyeusi, na bado ananivunja mbavu.

Naandika haya kwa amri ya mume wangu. Mwalimu (ndivyo ninavyomwita, alifundisha hesabu hadi alipostaafu) anadai kila jioni namharibia chai kwa habari za matumbo ya watu. Kaninunulia daftari. "Yaandike humu kwanza," kasema, "yatakayobaki ndiyo unihadithie."

Nikamjibu kwamba nitaandika, naye akapimwe. Ana umri wa kupimwa, ana mke mwenye kamera, na miaka yote ananipiga chenga. Jibu lake ni lilelile: "Kunywa wewe kwanza hiyo dawa yako ya kusafishia tumbo." Mimi? Mimi huwa naiandika tu.

Machi 5

Majibu ya ndugu watatu yamefika kutoka maabara. Nimeyasoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikayasoma tena.

Mama yao ndiye aliyenifanya niwe daktari niliye. Nilikuwa mgeni katika kazi ya matumbo, naye alikuja kwangu saratani ya utumbo mpana ikiwa imeshaenea. Mama yake mwenyewe na kaka yake walikuwa wamekufa kwa ugonjwa huohuo. Siku moja akaniuliza, "Na wanangu?" Baada ya kumzika nilianza kulitafuta jibu lake, na kutafuta huko kukageuka kliniki, kukageuka utafiti, kukageuka ukuta mzima wa ofisi yangu wenye michoro ya koo za wagonjwa wangu: mraba kwa mwanamume, mduara kwa mwanamke, na aliyeugua nampaka mweusi kwa penseli.

Watoto wake nawaita kama wanavyoitana wenyewe. Kifungua, binti wa kwanza, anauza vitambaa na anaongea kama anayekata bei. Kaka, wa katikati, ni fundi rangi wa nyumba. Kitinda, wa mwisho, ni fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Kwa kuwa hatukujua nani karithi ile kasoro ya ukoo inayoleta saratani hiyo na nani hakurithi, wote watatu wamekuwa wakija kupimwa kila mwaka. Kinyama kikiota ndani ya utumbo nakikata kikiwa kidogo, kabla hakijageuka.

Na wana Siku yao ya Majagi. Kipimo kikiwa kesho, leo wanajifungia kwa Kifungua, kila mtu na jagi lake la dawa ya kusafishia tumbo. Kitinda ndiye jemadari. Anahesabu bilauri, anapanga zamu za vyoo viwili vya nyumba hiyo, anatoza faini kwa anayekunja uso. Asubuhi wanakuja kwangu wamenywea, macho ndani, wanacheka kama watoto waliotoroka shule.

Sasa maabara imeipata kasoro yenyewe. Kifungua anayo. Kaka anayo. Kitinda hana.

Machi 7

Niliwaambia wanaweza kusikia majibu mmoja mmoja, faraghani. Kifungua akakataa kwa niaba ya wote. "Tumetoka tumbo moja, Daktari. Tuambie pamoja."

Nikawaambia. Kifungua aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitegemea. Kaka alicheka kidogo, akasema, "Nilijua, mimi ndiye niliyefanana na mama hata masikio." Kisha nikamgeukia Kitinda, na nakiri nilikuwa nimeiweka habari yake mwisho kama peremende. Nikampa mkono. Nikamwambia yuko huru, hana haja ya kamera kila mwaka, na wanawe wakija kuzaliwa hawatarithi kitu. Nikachukua kifutio, nikauendea mchoro wa ukoo wao ukutani, na mbele ya macho yake nikaifuta ile alama ya kuuliza iliyokaa ndani ya mduara wake miaka yote hii.

Nilitegemea atarukaruka. Alinitazama kama niliyemkanyaga.

"Kwa hiyo mimi nisije tena?" akauliza.

"Usije, mwanangu! Kapumzike! Ule, unywe, ulale."

Kifungua alimkumbatia kwa nguvu na Kaka akampiga kofi la mgongoni, la furaha ya kweli. Yeye akajikaza kisabuni, akatabasamu mpaka mlangoni. Dirishani nikawaona wakivuka uwanja katika mvua. Kifungua na Kaka walikuwa wameshikana mikono. Kitinda alitembea nyuma yao kawanyooshea mwavuli, yeye mwenyewe analowa.

Nimemsimulia Mwalimu jioni. Nikasema binti yule hana shukrani. Mwalimu alikoroga chai yake tena, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka.

Machi 11

Mvua. Wagonjwa sita. Mkurugenzi amejikwaa kwenye ndoo.

Machi 14

Leo ilikuwa siku yao ya kipimo. Kifungua amekuja peke yake.

Nilitoa vinyama viwili vidogo, vya kawaida kwake. Nilipomuuliza kuhusu Siku ya Majagi aliangalia pembeni. "Hatukuifanya. Kitinda alisema ana nguo za harusi za kumaliza. Kaka akasema atakunywa kwake. Mimi nikanywa na redio." Kaka hakutokea wala hakupiga simu. Miaka yote hakuwahi kukosa hata mara moja.

Kaka ndiye anayenitia wasiwasi. Mwaka huu anafikisha umri aliofia mama yao, na katika vipimo vyao vyote vinyama vyake ndivyo huota haraka kuliko vya wenzake. Nimempangia siku nyingine.

Machi 20

Kaka hakuja. Kasema mvua.

Machi 27

Leo jua limewaka siku nzima. Kaka hakuja. Kasema jua limewaka, na fundi rangi halipotezi jua.

"Kwa hiyo mvua ikinyesha huji, na isiponyesha huji," nikamwambia kwenye simu.

"Nitakuja ikiwa mawingu tu, Daktari."

Nilicheka, na nilipokata simu nikakasirika kwa kuwa nimecheka. Mwoga. Nimeliandika neno hilo hapa ili nisimwambie yeye. Mwanamume wa mabega yale anapanda ngazi za ghorofa nne na kopo la rangi mkononi, anakimbia jagi la dawa!

Sista anasema nisimwite mwoga. Kijana huyo, anasema, ndiye aliyekuwa akimnyanyua mama yake kitandani kumwogesha, hapa hapa wodini, na ndevu hazijamwota. Sista alikuwepo. Mimi pia nilikuwepo, ila mimi nilikuwa natazama chati.

Aprili 2

Hatimaye kaja. Alijilaza ubavu bila mzaha wowote, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa maana Kaka bila mzaha si Kaka.

Tumbo halikuwa safi hata kidogo. Kamera haioni ndani ya tope. Nilisafisha, nikasukuma maji, nikavuta, nikasogea kidogo kidogo, na kwenye kona ya utumbo upande wa juu kushoto nikaona ukingo wa kitu. Ukingo tu, wa rangi nisiyoipenda. Kilichobaki kilikuwa kimefunikwa. Nikajaribu mpaka Sista akanigusa bega. Ikabidi nitoe mrija.

Alipoamka vizuri nikamuuliza alikunywa kiasi gani. Akasema yote. Nikamtazama. Akasema nusu. Nikaendelea kumtazama.

"Bilauri tatu," akasema. "Nyingine nilimwaga kwenye sinki."

Nilimgombeza. Nilimgombeza vibaya, kwa sauti niliyokuwa nikiwagombezea wanangu walipocheza barabarani. Nilimwambia nimeona kitu, sijui ni nini, na sijui kwa sababu ya sinki lake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nilikaa jikoni na lile jagi," akasema. "Natazamana nalo. Miaka yote mimi nilikuwa nacheka tu, Daktari. Sikujua kumbe nilikuwa nakunywa." Akavaa viatu vyake polepole. "Safari hii hakukuwa na mtu wa kunichekesha. Nikaanza kumfikiria mama."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi ndiye niliyeivunja Siku ya Majagi. Niliivunja kwa habari njema na kifutio.

Nimempa siku nyingine, karibu kabisa. Kaitikia, lakini aliitikia akiangalia mlango.

Aprili 5

Kaka hapokei simu. Mvua imerudi. Nimekula nusu sahani, Mwalimu amekula nusu iliyobaki akiniangalia.

Aprili 9

Leo nimetoka kazini mapema na suruali ya Mwalimu ndani ya mfuko. Ni suruali nzuri, haina tatizo lolote.

Duka la Kitinda lina upana wa kitanda. Cherehani iko dirishani, nguo zilizokwisha zinaning'inia juu kama wageni waliokosa viti, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulisalimiana kwa kupaza sauti. Akaniletea stuli. Akainua suruali, akaipima kwa macho.

"Ina nini?"

"Inaburuta."

"Daktari, hii haijaburuta tangu ishonwe." Akaniangalia. "Nipunguze kiasi gani?"

"Utakavyoona wewe."

Akachukua chaki, akaanza kuchora mstari kwenye suruali ya mume wangu kwa sababu nimemwambia. Nimewaambia watu habari mbaya maisha yangu yote, lakini sikujua namna ya kumwomba mtu msamaha kwa habari njema.

"Siku ile nilikuudhi," nikasema.

"Hukuniudhi. Ulichukua kifutio."

"Nilifuta alama ya kuuliza tu, mwanangu. Mduara wako uko palepale."

"Najua. Sina wazimu." Chaki ilisimama. "Lakini mama alipokufa mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki hata sauti yake. Wao wanamkumbuka. Mimi nilikuwa na nini cha kukaa nao? Nilikuwa na jagi. Tukinywa, wanaanza kumsimulia, alivyokuwa akiimba vibaya, alivyomrushia Kaka kandambili ikatua kwenye mchuzi. Mwaka mzima hawamtaji. Ni siku ile tu. Sasa nitakaaje pale? Nikae nimeshiba, niwaambie wao wanywe? Nitakuwa nani, bwana afya?"

Nilitaka sana kumwambia nilichokiona kwa kaka yake. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini siri ya mgonjwa haitoki hata kwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo nilimwambia la kwangu.

"Mimi huandika dawa tu," nikasema. "Nilidhani inanyweka yenyewe. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaifanya inyweke. Mimi nilikuachisha kazi bila hata kujua unaifanya."

Mvua ilipiga bati. Aliikunja suruali mara mbili, akaikunjua.

"Kaka hajambo?" akauliza.

"Muulize mwenyewe."

Alinitazama, na mimi nikazitazama nguo za juu. Kisha alichukua mkasi na kukata suruali ya Mwalimu moja kwa moja, bila kupima tena.

Nimelia njiani, chini ya mwavuli. Faida ya mvua ni kwamba hakuna anayekuuliza.

Aprili 10

Kaka amepiga simu mwenyewe kuuliza siku. Nimeitaja kwa sauti ya kawaida kabisa, na nikaweka simu chini kama yai.

Aprili 15

Kesho ndiyo siku ya Kaka. Mvua haijakatika tangu jana, na mtaa wa bondeni umejaa maji. Mwalimu amevaa ile suruali, imemfika juu ya vifundo vya miguu. "Cherehani imeharibika," kaniuliza, "au ndoa?"

Aprili 16

Walifika watatu, wamelowa, wamejifunika turubai moja la kazi za rangi. Walilala wote kwa Kifungua kwa kuogopa barabara kufungwa. Kifungua alikuwa na nguvu zake. Kaka macho yalikuwa yameingia ndani, ndivyo ninavyopenda kumwona mtu asubuhi ya kipimo. Kitinda, ambaye hapimwi chochote, alikuwa kajiegemeza ukutani na midomo imekauka.

"Na wewe una nini?" nikamuuliza.

Kaka akadakia, anacheka na machozi yanamtoka. "Kanywa jagi zima, Daktari! Hana kasoro, hana kinyama, hana kipimo, na kanywa jagi zima! Kaingia jana na majagi mawili, kaweka moja mbele yangu, moja mbele yake, kasema, haya, bilauri kwa bilauri, atakayekunja uso analipa!"

"Na mimi niliyeshapimwa nikawa karani wa vyoo," akasema Kifungua. "Zamu zilivunjwa mara mbili. Nitazungumza nao."

Nilimgombeza Kitinda kama inavyonipasa. Nilimwambia dawa si ya kunywa bila kuandikiwa, kwamba angeweza kuishiwa maji mwilini, kwamba asirudie. Aliitikia kila neno. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kumbe ningeweza siku zote, si ndiyo? Kukaa nao." Sista alimletea maji ya chumvi na sukari, akamfunika shuka, kisha akanipitishia na mimi kitambaa cha kufutia machozi.

Kaka alijilaza ubavu. Tumbo lilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Sindano ya usingizi ilimfanya mlegevu tu, ulimi ukabaki macho.

"Daktari, huu ukuta nani aliupaka?"

"Sijui. Kabla yangu."

"Mwizi huyo. Hakuweka rangi ya chini. Ona doa lile."

Nikamwambia aendelee. Aliendelea, habari ya rangi za chini na za juu, na mimi nikaenda naye kona kwa kona mpaka nikafika pale. Safari hii nilikiona chote. Hakikuwa kinyama cha kukata kwa waya. Kilikuwa kipana, kimekaa kama kilichopanga kukaa, na kilipoguswa kikatoa damu. Nikachukua vipande vya kupima. Nikaweka alama ya wino kwa ajili ya mpasuaji.

"Umeacha kunijibu," akasema Kaka.

"Nimeona kitu. Sikipendi. Lakini nimekiona chote, Kaka."

Aliutazama ukuta.

"Mama hakuonwa," akasema.

"Hakuonwa mapema."

Nje, Kitinda alikuwa amelala begani kwa Kifungua, na Kifungua alikuwa anamsimulia Sista, kwa sauti ya sokoni, kisa cha kandambili na mchuzi.

Aprili 24

Ni saratani. Picha za tumbo hazionyeshi imesambaa, lakini picha si macho. Mpasuaji atamchukua Jumanne.

Niliingia stoo nikajifanya nahesabu glavu. Sista akanifuata. "Unahesabu kwa machozi?" Nikamwambia sijui kama tumeuwahi ugonjwa. Akasema, "Mama yake alikuja amebebwa. Huyu kaja kwa miguu anasema vibaya rangi yetu." Akazihesabu glavu yeye.

Aprili 29

Upasuaji umekwenda vizuri. Sasa ni kungoja kipande walichokitoa kichunguzwe. Kitinda na Kifungua wanapokezana kando ya kitanda. Kitinda kamletea Kaka shati la hospitali alilolishona mwenyewe, lenye vifungo vya nyuma, kwa kuwa "haiwezekani ndugu yangu apite wodini ameachia kila kitu wazi." Wodi nzima sasa inataka mashati.

Mei 2

Bado. Mvua ya rasharasha.

Mei 7

Haikupenya ukuta wa utumbo! Tezi zote safi. Imetoka yote.

Nilishuka ngazi za wodi nikikimbia, umri wangu huu. Kaka alikuwa anakula uji. Nilipomwambia, aliweka kijiko chini, akaweka kiganja chake kizito chenye madoa ya rangi juu ya kichwa changu, kama mtu anayembariki mtoto, akakiacha pale. Kitinda akasema: "Basi mwakani ni bilauri zilezile, usidhani umeachiwa."

Ataendelea kuja kila mwaka. Nimemwambia. Kaitikia akiniangalia mimi, si mlango.

Mei 13

Mawingu yametawanyika. Kaka kapita kuonyesha mshono, amekonda, amenyoa. Alipotoka chumbani kwangu akaenda chumba cha kamera, akabonyeza lile doa kwa dole gumba. "Likauke kwanza. Mwezi mmoja. Halafu nitawapa rangi ya maana, mgonjwa akilala hapa awe na kitu cha kutazama." Sista kamuuliza rangi gani. Wamebishana mpaka wagonjwa wakaanza kupiga kura.

Nimerudi ofisini na penseli. Ndani ya mduara wa Kitinda, pale nilipofuta, nimechora jagi dogo. Halimo katika alama za kisayansi, na daktari kijana atakayeshika kliniki hii baada yangu atakuja kuniuliza maana yake. Nimeshamtayarishia jibu.

Mei 18

Jumapili. Nimeweka majagi mawili mezani.

Mwalimu aliyatazama, kavaa ile suruali fupi, maana sasa anaivaa kwa ukaidi. "La pili la nani?"

"Langu. Na mimi nimefika umri, na sijawahi. Daktari kijana atatupima wote kesho."

Alivua miwani. Nilitegemea chenga. Akavuta kiti karibu na changu, akamimina bilauri mbili, akazilinganisha kwa jicho la mwalimu wa hesabu, akaongeza tone kwenye yangu.

Ni mbaya mno. Inateleza kama maji ya sabuni na ina chumvi inayobaki nyuma ya meno. Miaka yote nimewaambia wagonjwa kwamba ni kama juisi ya limau. Mwalimu alikunywa ya kwanza, akafumba macho, akasema kwa upole, "Mke wangu, na wewe huwa unawapa watu hii wakiwa wagonjwa?"

Tukiwa kwenye bilauri ya nne simu ikalia. Sista hawezi kuficha jambo. Aliyepiga alikuwa Kitinda, na nyuma yake nilisikia sahani, na Kifungua akimkataza mtu kitu.

"Daktari, mko bilauri ya ngapi?"

"Ya nne."

"Mmechelewa. Nani kakunja uso?"

"Mimi," nikasema.

"Faini!" Kisha sauti nyingine ikapaza kutoka mbali, nzito, imejaa chakula na kicheko: "Daktari! Usimwage kwenye sinki! Tutajua!"

Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo, akatoa macho, akakimbia, suruali fupi na yote. Mimi nimebaki na simu sikioni, nawasikiliza wale watatu wakila chakula chao cha mchana na kugombania kipande cha mwisho, sitaki kukata. Halafu Kitinda akaniuliza kama nyumba yetu ina vyoo vingapi. Nikamwambia kimoja. Wakaangua kicheko wote kwa pamoja.

Naandika haraka. Mwalimu anatoka. Ni zamu yangu.